Foleni ya Mama Dirisha

Chumba kilikuwa na upana wa hatua nne na urefu wa hatua tano, na mtu mnene akitaka kuingia ilibidi aliyemo atoke kwanza. Humo mlikuwa na meza, viti viwili, kabati la chuma lenye mlango uliogoma kufunga, na kwenye ukuta wa mbele dirisha la kioo lenye tundu la nusu duara la kupitishia karatasi. Juu ya tundu paliandikwa MAULIZO. Nyuma ya tundu hilo, kwa miaka ishirini na sita, alikaa mwanamke mmoja ambaye wanafunzi wa chuo kikuu kile walimwita Mama Dirisha. Walimu nao wakafuata, kisha mumewe naye akaona asibaki nyuma. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la utumishi, limekaa huko raha mustarehe, hakuna anayelisumbua.

Tusidanganyane, haikuwa kazi ya kuringia. Maprofesa walipita mbele ya dirisha lile na mikoba yao ya ngozi na salamu za haraka haraka. Kwenye karatasi yeye alikuwa karani tu, tena wa daraja la chini kiasi kwamba chini yake alikuwepo paka wa jikoni peke yake. Lakini ukitaka kujua nani aliwafundisha watu kazi pale chuoni, achana na mikoba ya ngozi uende kwenye lile tundu.

Mambo yalianza hivi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu alitakiwa afanye mafunzo ya kazi kwa wiki nane kabla ya kuhitimu. Wenye wajomba walipokelewa benki, wenye bahati walipokelewa viwandani, na waliokataliwa kila mahali walisukumiwa kwenye dirisha la maulizo, wawili wawili, ili tu fomu zao zisikose saini. Karani wa ofisi ya mafunzo aliwaita "mabaki". Mama Dirisha alilisikia neno hilo mara moja. Alifunga dirisha saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavuka uwanja na kandambili zake za ofisini, na alichomwambia yule karani hakijulikani mpaka leo kwa sababu karani mwenyewe hakukisimulia kwa mtu. Kuanzia siku ile mabaki wakaitwa watoto wa Mama Dirisha.

Mtoto akija siku ya kwanza alikuja amechomekea, faili kwapani, anatafuta kwa macho kiti chake. Kiti hakupewa.

"Toka nje, kapange foleni," Mama Dirisha alimwambia.

"Mama, mimi sina shida. Nimekuja kufanya mafunzo."

"Ndiyo mafunzo yenyewe. Kapange foleni, mwanangu."

Basi anatoka, anasimama nyuma ya watu ishirini kwenye ukumbi usio na benchi. Nusu saa inapita, anafika kwenye tundu, anatabasamu, anadhani mchezo umekwisha. Mama Dirisha anamtazama juu ya miwani na kumuuliza swali moja tu.

"Aliyekuwa mbele yako alitaka nini?"

Na mtoto hajui. Alikuwa kwenye simu, au alikuwa anawaza atakula nini, au alikuwa anajipanga atakavyojieleza. "Sijui, Mama."

"Rudi nyuma ya foleni."

Wapo waliorudishwa mara saba. Wapo waliolia. Kijana mmoja wa sheria alitishia kumshtaki, akaambiwa ashtaki tu, ila apange foleni kwanza. Lakini kufika alasiri, mtu aliyekuja asubuhi na masikio ya pambo alikuwa anajua kwamba dada wa mbele yake alitaka nakala ya cheti, kwamba alisema kwa ukali kwa sababu ofisi tatu zilikuwa zimeshamzungusha, na kwamba kilichomtia hofu hasa ni usaili wa kesho yake. Hapo ndipo alipopewa kiti. Na akishakaa kulikuwa na masharti mengine mawili. Kusema "sijui" kuliruhusiwa, ila aliyesema hivyo alitakiwa ainuke ampeleke muulizaji, kwa miguu yake, mpaka kwa anayejua. Na kila jioni aliandika kwenye daftari gumu maswali yote ya siku. Majibu hayakuandikwa. Majibu, alisema Mama Dirisha, yanabadilika kila bodi ikikaa.

Siku ya mwisho ya wiki ya nane aliwaambia wote maneno yale yale: "Hutakaa dirishani maisha yako yote. Hata dirisha lenyewe halitakaa. Lakini ulichokipata hapa utakwenda nacho, hata wakubadilishie kazi mara kumi." Aliwaambia watu mia moja na arobaini na kitu, mwaka baada ya mwaka, na aliyaamini.

Miongoni mwao alikuwepo binti mmoja wa takwimu aliyeitwa na wenzake Kimya. Alama zake zilikuwa moto wa kuotea mbali, ila kwenye usaili aliongea na viatu vyake, na sehemu tano zilimkataa. Kwenye foleni alirudishwa mara mbili tu, maana asiyeongea huwa anasikia. Kazi ilikuwa kumtoa sauti. Wiki ya sita alianza kuja mzee mmoja wa makamo kila alasiri, kofia mkononi, akiuliza maktaba inafungwa saa ngapi. Saa mbili usiku, aliambiwa. Asante, akaondoka. Kesho yake tena. Siku ya tatu Kimya alikuwa kwenye tundu peke yake. Mama Dirisha, aliyekuwa anahangaika na mlango wa kabati, akamsikia anasema kwa sauti ndogo ya kutetemeka: "Baba, unamsubiri nani?"

Mzee akaegemea kioo, akasimulia. Alikuwa na binti yake mwaka wa kwanza. Waligombana nyumbani kuhusu kozi aliyoichagua, yakasemwa yasiyosemeka, na binti akaacha kupokea simu. Mzee alijua huwa anasoma maktaba, lakini hakuwa na ujasiri wa kuingia. Kimya aliinuka akampeleka, kwa miguu yake. Alirudi baada ya dakika arobaini, akakaa, akalia kidogo, akaendelea na kazi. Mama Dirisha alirudi kwenye mlango wa kabati. Alifurahi mno kiasi kwamba aliogopa akifungua mdomo ataharibu.

Miaka tisa ilipita. Halafu ukabandikwa waraka.

Waraka ulisema kwamba madirisha yote yatafungwa na maswali yataulizwa kwa ujumbe wa simu, kwenye mfumo mpya wa kompyuta. Makarani wa madirisha watahamishiwa chumba cha mfumo kwa majaribio ya wiki mbili. Atakayefikisha kiwango atabaki. Asiyefikisha atastaafishwa. Mama Dirisha alikuwa na miaka hamsini na sita, na alibakiza minne afike mwisho kwa heshima zake. Kustaafishwa mapema kungemuuma, lakini kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi, nalo alimwambia mumewe siku hiyo hiyo kabla hajavua viatu.

"Nikishindwa, nitakuwa nimewadanganya wale watoto wote."

Mumewe alikuwa fundi saa, yaani alikuwa. Watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu, alikaa kibandani miezi minane anafukuza nzi, kisha akabeba bisibisi zake ndogo akaenda kuomba kutengeneza mashine za kupimia presha hospitalini. "Mashine tatu za kwanza niliziua," alimwambia mkewe huku akimmiminia chai. "Nilikuwa nazitengeneza kama saa. Na wewe utaua chache. Kunywa."

Chumba cha mfumo kilikuwa na baridi ya mashine, meza nyeupe na vioo sita vya kompyuta. Ukutani palikuwa na ubao wa taa ulioonyesha kila mtu amejibu watu wangapi. Kiwango kilikuwa thelathini kwa saa. Na msimamizi, aliyetumwa na kampuni iliyotengeneza mfumo, alisimama mlangoni akiwa amevaa miwani na suti ya kijivu.

"Shikamoo, Mama," alisema Kimya.

"Marahaba, mwanangu." Mama Dirisha aliitazama ile suti. "Au nikuite bosi?"

"Niite unavyotaka. Ila kiwango ni kile kile kwa wote, Mama. Siwezi kukupunguzia."

"Nani amekuomba?" Mama Dirisha alijibu, na hakika hakuwa ameomba. Lakini moyoni alikuwa na katumaini kadogo, na sasa kalikufa.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Aliandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Mtu akiuliza jambo, yeye alirudisha swali: "Wewe uko mwaka wa ngapi, mwanangu? Umeshakwenda ofisi gani?" Mfumo ulihesabu jibu, haukuhesabu swali, kwa hiyo ubaoni alikuwa na kumi na moja wakati vijana wa pembeni wana sitini, tena na vipokea sauti masikioni, wanatikisa kichwa kwa muziki. Alhamisi aliona maji yamemfika shingoni. Akajikaza. Mfumo ulikuwa na majibu ya tayari: unabonyeza neno, jibu linakwenda lenyewe. Basi akaanza kubonyeza. Tarehe ya mwisho ya kuhama kozi, bonyeza. Fomu ya kuahirisha mwaka, bonyeza. Jumatatu ya wiki ya pili alifika ishirini na nane kwa saa. Jumanne asubuhi akafika thelathini na moja, namba yake ikageuka kijani, na kijana wa jirani akampigia makofi. Mama Dirisha akajiona ameupanda mlima.

Kimya alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Alisimama hapo dakika tatu hivi, mikono nyuma.

"Mama," alisema. "Huyo uliyemjibu kabla ya huyu alitaka nini?"

Mama Dirisha alifungua mdomo. Vidole vilibaki juu ya vitufe. Alitafuta kichwani, akarudi nyuma mtu mmoja, wawili, kumi. Asubuhi ile alikuwa amejibu watu zaidi ya tisini, na hakumkumbuka hata mmoja.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumuuliza yeye swali lile. Alitaka kukasirika, amwambie huyu mtoto aliyemtoa sauti mwenyewe kwamba adabu imempotea. Akamgeukia, akamwona Kimya naye machozi yanamlengalenga.

"Sijui," alisema Mama Dirisha.

"Basi rudi nyuma ya foleni, Mama."

"Na ule ubao?"

"Ubao niachie mimi."

Saa zilizobaki za siku ile, na Jumatano nzima, Mama Dirisha hakujibu mtu. Alisoma tu. Alianza na ujumbe wa siku nane nyuma, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesimama kwenye foleni na kusogea hatua moja moja, na kwenye mkoba akatoa daftari gumu ambalo alikuja nalo kwa mazoea tu. Ubaoni namba yake ilishuka, ikawa nyekundu, kisha ikawa sifuri. Vijana wakatazamana. Yeye aliandika maswali.

Jumatano, karibu na saa tisa alasiri, kalamu yake ilisimama. Alirudi kurasa mbili, akapigia mistari. Mmoja aliuliza mwisho wa kuhama kozi. Mwingine aliuliza namna ya kuahirisha mwaka. Wa tatu aliuliza kama mtu akikosa mazoezi ya hospitali mara tatu anaruhusiwa kufanya mtihani. Mwingine aliomba fomu ya kuacha chuo, bila salamu wala maelezo. Maswali mbalimbali, majibu mbalimbali, yote yamejibiwa sawasawa, na mengine aliyajibu yeye mwenyewe kwa kubonyeza. Lakini namba za usajili za waulizaji zilianza na herufi zile zile mbili. Walikuwa watu kumi na tisa, wote wa uuguzi, wote wa mwaka wa pili.

Alipiga simu kwa yule wa fomu ya kuacha chuo. Mfumo haukuwa na kitufe cha kupiga, kwa hiyo alitumia simu yake. Ilipokelewa na sauti ya msichana.

"Mwanangu, mimi ni wa maulizo. Fomu utaipata, hilo lisikusumbue. Nataka kujua tu, Jumanne asubuhi huwa unakuwa wapi?" Aliuliza siku hiyo kwa sababu jumbe tatu ziliitaja bila kusema kwa nini.

Msichana akamwaga yote. Ratiba mpya, iliyopangwa na kompyuta, iliwaweka wodini na darasani saa ile ile ya Jumanne asubuhi. Ukienda wodini, mwalimu wa darasani anakuandika mtoro. Ukienda darasani, wodini unaandikwa mtoro. Walimwambia mwalimu, akasema waulize kwenye mfumo. Waliuliza kwenye mfumo, wakapewa tarehe na fomu. Wanne walikuwa wameshajaza za kuacha chuo.

Mama Dirisha hakutuma ujumbe ofisi ya ratiba. Alichukua daftari, akabadilisha viatu, akavaa kandambili zake, akavuka uwanja. Mpanga ratiba alisema hilo haliwezekani, mfumo wa ratiba ungekataa. Mama Dirisha akamwomba aangalie. Akaangalia. Akashika kichwa. Mfumo haukukataa kwa sababu wodi haikuwa na namba ya chumba, na kisicho na namba ya chumba kompyuta haikukiona kabisa. Alhamisi darasa lile lilikuwa limeshahamishiwa mchana.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Mkurugenzi wa utawala, mtu mwembamba anayependa namba kuliko chakula, alikuja na barua za kustaafisha na orodha yake, akaisoma amesimama. Alifika mahali akakunja uso.

"Huyu mwenye sifuri Jumanne mchana na sifuri Jumatano ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mama Dirisha, na akaanza kukusanya vitu vyake mezani. Hakutaka kuondoka akisukumwa.

"Kaa, Mama," alisema Kimya. Aliongea na mkurugenzi ana kwa ana, viatu vyake wala hakuvitazama. "Mkurugenzi, wanafunzi wanne wa uuguzi walikuwa wanaacha chuo. Wengine kumi na watano walikuwa njiani. Tuliwajibu wote. Tuliwajibu kwa wakati, majibu sahihi, na ubao ukawa kijani. Na bado walikuwa wanaondoka. Aliyewasikia ni huyu mwenye sifuri." Akamsogezea daftari gumu. "Kampuni yangu ilinipa kazi ya kutengeneza mfumo huu kwa sababu kwenye usaili niliwauliza wateja wao hurudi mara ngapi na shida ile ile. Hakuna mwingine aliyeuliza. Hilo swali nililipata kwake, kwenye lile dirisha. Tunapima kitu kisicho chenyewe, na kosa hilo ni langu, nililiweka mimi."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa maishani. Mkurugenzi alifungua daftari, akasoma ukurasa mmoja, akafungua wa pili, mwishowe akavuta kiti. Alisoma mpaka chai yake ikapoa. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachokitamani, ubao unaweza kuonyesha wangapi wamerudi na shida ile ile badala ya wangapi wamejibiwa. Kimya akasema unaweza, Jumatatu. Barua ya kustaafishwa ilirudi kwenye bahasha yake, na jioni hiyo yule aliyekuwa fundi saa alipewa habari zote mara tatu, na mara zote tatu alijifanya hazijui.

Vidole vya Mama Dirisha havikugeuka vya kijana. Aliongeza viwili, vikawa vinne, na alifika ishirini na mbili kwa saa. Zaidi ya hapo hakufika, na hakuna aliyemdai.

Mwaka uliofuata waliletewa watoto wa mafunzo ya kazi, wawili, mabaki kama kawaida. Mmoja alikuwa wa uhandisi, mrefu, vidole vyepesi. Alionyeshwa kompyuta, na Mama Dirisha hajageuka, kijana amejibu watu kumi na wanane. Akaegemea kiti, akasubiri sifa zake.

"Umeniacha hoi," alisema Mama Dirisha, akavua miwani akaifuta. "Aliyekuwa kabla ya huyu alitaka nini?"

Kijana akacheka, akakuna shingo. "Sijui, Mama."

"Rudi nyuma ya foleni."

Kijana akatazama mlangoni, akatazama ukumbi mtupu, akatazama lile dirisha la zamani lililopigwa mbao upande wa pili wa uwanja. "Foleni gani, Mama? Hapa hakuna watu."

Mama Dirisha akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta, mahali ambapo ujumbe ulikuwa unashuka taratibu, mmoja chini ya mwingine, bila kukatika.

"Hao mia tatu, mwanangu," alisema. "Huwaoni?"